Mlango wa Digrii Tisini

Jumatatu saa tatu asubuhi, mpima ardhi Lesian alisimamisha mashine yake ya miguu mitatu katikati ya shamba la Ndeshi, Olmotonyi, akafuta kioo chake kwa pindo la shati, akainama kuangalia. Alikuwa ameshapima pembe mbili za juu, karibu na barabara, na pembe mbili za chini, karibu na mfereji. Ilibaki nukta moja, ile ya katikati, ambako safu mbili za masale, mimea ya mpaka, zinakatana. Mashine ililia kidogo, ikatafuta, haikutoa namba. Akaizima, akaiwasha. Ikatafuta tena.

"Hiyo mashine umeinywesha pombe ya mbege?" aliuliza Abdiel, shemeji yake Ndeshi, ambaye alikuwa amekaa kwenye gogo upande wake wa mashariki akitazama kazi za watu.

Lesian alijibu kwamba mashine ni nzima. Kisichokuwepo ni namba.

Ndeshi alileta chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Lesian akamwamkia, akanawa, akala amesimama. Halafu akamweleza mambo kwa heshima, maana alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. Kijiji kizima kinapimwa ili kila mtu apate hati yake. Shamba linaloandikwa kuwa moja lazima lishikane: ukiweza kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake bila kukanyaga cha mtu, ni moja. Fomu ina kisanduku cha kuandika upana wa mahali pembamba kuliko pote. Sasa hapa, mahali pembamba kuliko pote hapana upana wowote. Asipoandika kitu, shamba litahesabiwa vipande viwili. Cha juu chenye nyumba kitakuwa cha Ndeshi. Cha chini kisicho na nyumba kitaandikwa cha ukoo, na msimamizi wa ukoo ni Abdiel.

"Nitarudi Alhamisi ya wiki ijayo, mama," alisema. "Nikikuta upana, hata wa unyayo, nitauandika."

Ndeshi alimshukuru, akakusanya vikombe.

Alikuwa mjane kwa miaka tisa. Kipande cha chini ndicho chenye mahindi na maharage na maji ya mfereji, na huko ndiko alikozikwa Gadiel mumewe, kwa kuwa mwenyewe aliomba alale karibu na maji, pamoja na mtoto wao wa kwanza ambaye hakufikisha mwezi. Kipande cha juu kina nyumba, mikahawa michache iliyozeeka, na mawe.

Zamani lilikuwa shamba moja, limenyooka kama ubao kutoka barabarani hadi mferejini. Mashariki yuko Abdiel, kaka yake Gadiel. Magharibi yuko Philemoni, mdogo wao. Mpaka ulikuwa masale, kama ilivyo kwa watu wote wa mlimani. Isale lina majani marefu, halifi upesi, na lina kazi mbili. Ya kwanza ni mpaka. Ya pili ni msamaha: mtu aliyekukosea akija ameshika isale mkononi, unalipokea kabla hajafungua mdomo, na jambo limekwisha. Isale la msamaha halitupwi. Aliyelipokea hulichomeka ardhini pale pale alipolipokea. Likishika mizizi, basi ni isale kama masale mengine, na hakuna mtu wa kuling'oa.

Mwaka wa kwanza baada ya mazishi, ng'ombe wa Abdiel walivunja mahindi ya Ndeshi. Abdiel alikuja na isale, akasimama hatua tatu ndani ya shamba, akiwa ametazama chini. Ndeshi akalipokea, akalichomeka hapo hapo, akamshukuru Mungu kwa kumpa shemeji muungwana. Mwaka huo huo Philemoni alimtukana mbele ya watu waliotoka ibadani. Naye akaja na isale, kutoka upande wa pili, hatua tatu. Likapokelewa, likachomekwa, likashika. Ikawa hivyo kila mwaka: masika ng'ombe, vuli matusi, na kila mara aliyekuja alisimama hatua tatu mbele ya isale lake la mwisho, mpaka ukamfuata. Ndeshi alisamehe mara kumi na nane. Kila shina jipya alilipalilia kwa mikono yake na kulimwagia maji, kwa kuwa msamaha ulionyauka aliuona ni aibu mbele za Mungu. Mwaka wa tisa masale yaliyotoka mashariki yalikutana na yaliyotoka magharibi, na tangu siku hiyo shamba likawa na umbo la herufi X. Juu ni kwake, chini ni kwake, mashariki kwa Abdiel, magharibi kwa Philemoni, na vipande vyote vinne vinashikana kwenye nukta isiyofika ukubwa wa kisigino.

Ndeshi aliizoea. Kila asubuhi alitanguliza jembe, halafu ndoo, halafu mguu wa kulia, na kwa muda wa pumzi moja hakuwa na kushoto wala kulia. Tatizo ni kwamba mtu akiwa pale anapoteza alikotokea. Siku nyingine alitokeza chini kwenye mahindi yake, siku nyingine alitokeza kwenye kahawa ya Abdiel, na Abdiel akaandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba anaingiliwa. Philemoni naye alikuwa akipita pale kwenda kwa kaka yake. Asubuhi moja walikuwa ndani ya nukta kwa pamoja, bila kugusana, maana hapakuwa na nafasi ya kugusana. Ndeshi alitoka na ladha ya ugoro mdomoni, ikamkaa hadi mchana. Philemoni aliimba nyimbo za kwaya hadi saa kumi jioni, na hakuwa mtu wa kwaya. Mwezi wa tatu kuku mwekundu aliingia pale akakaa siku tisa kwa sababu hakujua aelekee wapi. Ndeshi alikuwa akimrushia mtama.

Lesian alipoondoka, Ndeshi alimpigia simu binti yake Princess, aliyeolewa Kisongo. Ndiye mtoto pekee aliyebaki. Princess alisikiliza hadi mwisho, akasema anamjua mtu. Mwalimu wake wa hesabu wa zamani, Mwalimu Rukaiya wa Sombetini, amestaafu na siku hizi anatatua nukta tata. Mwaka jana alitatua moja huko huko Sombetini, mahali ambapo watu walijenga na kujenga hadi vichochoro vitano vikabanana kwenye nukta moja, na jeneza la mzee wa watu likazunguka humo siku mbili.

Rukaiya alifika Jumamosi kwa pikipiki, amekaa upande, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba mlikuwa na daftari, kamba, chaki na kipimapembe cha mbao cha kufundishia darasani. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka kama sitini, miwani imefungwa uzi, naye ni mjane pia. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana wajukuu. Adhuhuri ilipofika Ndeshi alimtandikia mkeka sebuleni, akamwonyesha kibla kwa kukisia, kushoto kidogo kwa kilele cha Meru. Rukaiya alipomaliza kuswali alikuta Ndeshi naye amemaliza sala yake jikoni, wakatoka pamoja.

Aliizunguka ile nukta mara tatu. Akapima pembe kati ya safu na safu: digrii tisini juu, tisini chini, tisini mashariki, tisini magharibi.

"Nukta haina kosa," alisema. "Watu wamefika mahali pamoja, wakasahau walikotokea. Mimi namrudishia kila mtu mwelekeo wake, basi."

Ndeshi aliuliza kama inawezekana kweli. Rukaiya akamjibu kwamba ilishathibitishwa miaka sitini iliyopita. Nukta tata yoyote hutatuliwa ukiwa na subira. Kuna zinazofunguliwa mara moja na kuna zinazofunguliwa mara arobaini. Hii ni ya mara moja. Ila kuna sharti, na alilisema mara mbili ili lieleweke: nje ya nukta hakibadiliki kitu, hata jani. Na kila kitakachofunguliwa lazima kiwe na njia ya kurudi chini, kwenye shamba lile lile. "Kikibadilika kitu nje, nitakuwa nimeharibu kazi."

Ndeshi akasema ni sawa. Hakuona ubaya wa sharti hilo.

Abdiel na Philemoni walikuja kutazama, kila mmoja upande wake. Philemoni akauliza kama mwalimu amekuja kulifundisha shamba kusoma.

"Shamba linafundishika, baba," alijibu Rukaiya bila kuinua macho kwenye daftari. "Halina mdomo."

Abdiel alicheka hadi akakohoa.

Rukaiya aliliandika shamba kwenye ukurasa mmoja. Lilikuwa dogo: herufi moja mara yenyewe, toa herufi nyingine mara yenyewe, jibu sifuri. Hizo ndizo safu mbili za masale, alisema. Halafu akaiondoa herufi ya pili, na mahali pake akaweka ile ya kwanza mara herufi ya tatu. Hii ya tatu ni mwelekeo. Ni jinsi mtu anavyokuwa ameelekea wakati anafika. Alipoipanga hesabu upya, herufi ya kwanza ikajitenga nje ya mabano mara mbili. Rukaiya akaikata kwa kalamu, mstari mmoja ulionyooka. Kilichobaki kilikuwa na majibu mawili, moja na hasi moja, kila safu na jibu lake.

Alipokata, ardhi ilifunguka. Haikutoa sauti. Ndege waliokuwa kwenye mti wa mgrivea waliendelea na mambo yao.

Kwa nje nukta ilibaki vile vile, ndogo kuliko kisigino. Lakini mtu akiikaribia alikuta mlango, na kila njia ya kuukaribia mlango ilikuwa na nafasi yake, moja pembeni ya nyingine, bila kubanana. Zile safu hazikukatana tena. Moja ilipita huku, nyingine kule, na kati yake palikuwa na uwazi. Ndeshi alitoka nyumbani kwake akanyooka moja kwa moja hadi kwenye mahindi yake. Saa ile ile Philemoni alitoka magharibi akafika mashariki, na hawakuonana. Abdiel alijaribisha ng'ombe. Ng'ombe akapita na pembe zake.

Rukaiya aliwaonya jambo moja. Mtu apite tu, asizunguke humo ndani kwa kufuata nafasi moja baada ya nyingine hadi mwisho, kwa sababu mwisho wake ndio mwanzo wake, ila anayerudi anarudi amegeuka. Philemoni alizunguka. Akatoka vifungo vya shati vikiwa upande wa kike na kovu la shavu la kulia likiwa la kushoto, akala kwa mkono wa kushoto kwa wiki nzima, hadi mke wake alipomrudisha akazunguke tena.

Ndeshi hakuzunguka. Alipokuwa akirudi kutoka chini alisogea tu nafasi chache pembeni, kuona njia yake ni pana kiasi gani. Hapo akamkuta Gadiel.

Alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyozikwa nayo. Hakuwa amekuja kwa ajili yake. Kila aliyewahi kupita mahali pale alikuwa na mwelekeo wake humo ndani, na huo ulikuwa wa Gadiel, wa kutoka nyumbani kwenda mferejini na kupinda kidogo kwa kaka yake. Ndeshi aliweka ndoo chini.

"Habari za huku, Baba Princess?"

"Nzuri. Nyumbani?"

Ndeshi akamwambia ya nyumbani. Bati la jikoni lilibadilishwa. Princess ana mtoto wa pili, wa kiume. Mchungaji wa zamani amehamishwa, aliyekuja ana sauti ndogo. Gadiel alisikiliza kwa kuitikia kichwa, kama alivyozoea. Ndeshi akamweleza habari za mpima, za kisanduku cha fomu, na za Alhamisi. Hakulalamika juu ya shemeji zake, kwa kuwa alishawasamehe.

"Masale yameshika vizuri," alisema Gadiel.

Ndeshi alimuuliza ameyajuaje, na yamepandwa yeye akiwa ameshazikwa.

"Niliwaambia mimi. Wakati ule naumwa. Niliwaambia wasije wakagombana na wewe. Waje na isale, wasogee kidogo kidogo." Akamalizia: "Nilijua hutakataa."

Ndeshi alitazama viatu vya Gadiel. Havikuwa na vumbi.

"Tulibaki na mtoto wa kike tu, Mama Princess. Ardhi ya baba ingemfuata huko atakakoolewa. Wewe ungefanyaje?"

Ndeshi alisema kwamba hakuna aliyemuuliza yeye angefanyaje. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu ameweka wapi kibiriti. Gadiel akakubali kwamba ni kweli, hakumuuliza. Akautoa mgongoni mkono mmoja, aliokuwa ameuficha muda wote. Alikuwa ameshika isale.

Mkono wa Ndeshi ulinyooka wenyewe. Miaka yake yote ulikuwa umefundishwa hivyo, nyumbani na kanisani, na hakuweza kuurudisha kwa wakati. Alilipokea. Akatafuta mahali pa kulichomeka, akaona humo ndani hamna udongo, kuna mielekeo tu. Akaaga, akachukua ndoo, akatoka nalo. Nyumbani akaliweka kwenye glasi ya maji juu ya kabati, kwa kuwa halitupwi.

Rukaiya alikuwa barazani akifunga mkoba. Ndeshi alimwambia aliyekutana naye na aliyoambiwa. Rukaiya akasema ndivyo inavyokuwa: nukta ikifunguliwa, kila kilichojibana humo hujitokeza, na watu wengi hawapendi. Aliuliza kama angependa aifunge. Anaweza kuirudisha ile herufi aliyoikata, ni kazi ya dakika moja.

"Iache, Mwalimu," alisema Ndeshi. "Mimi nahitaji upana."

Rukaiya hakutaka malipo. Alikubali mkungu wa ndizi, wakaufunga nyuma ya pikipiki kwa kamba yake ya kupimia.

Siku zilizofuata Ndeshi alipita mlangoni asubuhi na jioni. Alikuwa akimkuta Gadiel mahali pake, wakasalimiana, akaendelea. Jumapili alikwenda ibadani akashiriki meza ya Bwana. Aliomba jambo moja tu, kwamba Alhamisi mashine isome.

Alhamisi mashine ilisoma. Lesian aliibeba begani kutoka mlangoni pa nyumba hadi kwenye kaburi, akaisimamisha katikati ya ule uwazi, na namba ikatoka bila kutafuta. Aliisoma mara tatu. Upana wa mahali pembamba kuliko pote katika shamba la Ndeshi ulikuwa digrii tisini.

"Ni mwingi?" aliuliza Ndeshi.

Lesian akasema ni mwingi sana, mama, ni robo nzima ya duara. Tatizo ni kwamba kisanduku cha fomu kinataka mita. Alisimama akifikiri, kalamu mdomoni. Alikuwa mtu mkweli. Akalikata neno mita, akaandika digrii 90, akatia sahihi pembeni.

Fomu ilikaa mjini wiki tano. Wiki ya sita Lesian alirudi nayo mwenyewe, hakutaka kuituma kwa mtu. Alikataa kukaa. Alieleza kwamba ofisini walimuuliza, naye akawaeleza yote, mlango na kila kitu, na hakuna aliyembishia. Mkubwa wake anatoka Rombo, kwao wana nukta mbili kama hizo. Lakini ramani inachorwa kwenye karatasi bapa. Waliposhusha shamba la Ndeshi kwenye karatasi, digrii tisini zote zilirudi zikakaa mahali pamoja, na mahali pamoja kwenye karatasi ni nukta. Nukta haina mita.

"Huku shambani ni kipande kimoja, mama. Nimepita mwenyewe na mashine begani. Kwenye karatasi ni viwili." Alimkabidhi fomu kwa mikono miwili. "Na hati inatoka kwenye karatasi."

Ndeshi alimpigia simu Rukaiya kuuliza kama karatasi nayo inaweza kufunguliwa. Nyuma ya Rukaiya zilisikika honi za Sombetini. Akasema pale sasa hapana utata tena. Akifungua mara ya pili atakuwa anafungua mahali pazima. Na kushuka lazima kushuke, alishasema mwanzoni. Kisiposhuka si shamba lile.

"Pole, dada," alisema. "Nimelitatua kweli. Ndio maana hakuna la kuongeza."

Ilibaki njia moja. Palipo na shaka juu ya mpaka, baraza la kijiji husikiliza, na baraza likisema masale ya katikati yalipandwa kwa hila, ofisi hurudi kwenye mpaka wa zamani. Lesian ndiye aliyekuwa amemwambia hilo siku ile aliyorudisha fomu, akiwa ameshapanda pikipiki. Ndeshi akaomba baraza.

Likakaa siku ya Jumanne. Wazee sita na mwenyekiti walikuja hadi shambani. Walipita mlangoni wakienda na kurudi, wakausifu, mmoja akasema kwake yeye mlango kama huo ungemfaa sana wakati wa kuteremsha mabua. Walimkuta Gadiel, wakasalimiana naye kwa heshima, maana wawili kati yao walisoma naye. Katibu aliuliza kama aandike maelezo yake. Mwenyekiti akasema haiwezekani, kwa kuwa marehemu hana namba ya kitambulisho.

Walipokaa kwenye viti vya plastiki chini ya mikahawa, Abdiel alieleza kwamba yeye hana ugomvi na mke wa ndugu yake, na kwamba hajawahi kuchomeka isale hata moja katikati ya shamba lile. Philemoni akasema naye hivyo hivyo. Ilikuwa kweli.

Mwenyekiti akamgeukia Ndeshi. Hakumkaripia. Alikuwa mtu mpole, mwenye watoto wa kike watatu.

"Mama, haya masale ya katikati yalipandwa na nani?"

Wote walisubiri. Kulikuwa na namna ya kusema. Angeweza kusema waliyaleta wao. Angeweza kusema walikuwa wakisimama kwa kupima, na kwamba mwenye mpango yuko pale pale ndani amevaa suti. Lakini hakuulizwa nani aliyaleta. Aliulizwa nani aliyapanda, na hakuwa amezoea kujibu swali ambalo hakuulizwa.

"Niliyapanda mimi," alisema.

"Ulilazimishwa na mtu?"

"Hapana. Nilisamehe."

Mwenyekiti alisubiri kama ataongeza neno. Katibu akaandika: alipanda mwenyewe kwa hiari. Akageuza daftari, akamwonyesha mahali pa kutia dole gumba, na Ndeshi, ambaye alisoma hadi darasa la saba na kuandika anajua, akaandika jina lake lote kwa mwandiko wa shule.

Hati zilitoka mwezi wa sita. Ya Ndeshi ilikuwa na muhuri mzuri na ilisema shamba la juu, nyumba na mikahawa. Ya ukoo aliichukua Abdiel. Hapakuwa na maneno. Princess alikuja kutoka Kisongo, akalia jikoni kwa mama yake, akapika, akarudi kwake kabla mvua haijaanza.

Mlango haukufungwa, na hakuna aliyeona sababu ya kuufunga. Kwaya huupitia ikienda mazoezini, kwa kuwa unafupisha njia. Wachumba walipiga picha ndani yake, ila waliambiwa wasisogee sana pembeni. Wajane wengine wawili wa Olmotonyi na mmoja wa kule karibu na chuo cha misitu walimwita Rukaiya, akaja, akafungua zao. Zote zilifunguka vizuri.

Abdiel alipanda mahindi hadi ukingoni mwa kaburi na akaacha kijia cha kupita mtu mmoja. Alikubali kwamba Ndeshi achote maji mferejini na afagie kaburi siku za Jumamosi, baada ya saa kumi, mradi abishe hodi kwanza, maana kuna siku anakuwa na dawa kwenye mahindi.

Jumamosi Ndeshi alitoka nyumbani na ndoo mbili, ufagio, na ndama anayehitaji kunyweshwa. Walipita katikati ya mlango wakiwa wameongozana, yeye na ndama, bila kuinamisha bega, na pembeni yao palibaki nafasi ya watu wengine wengi. Mahali mlango unapoishia na mahindi yanapoanzia alisimama. Akaweka ndoo chini, akamshika ndama kamba, akabisha hodi.

Abdiel alikuwa anapalilia mstari wa pembeni. Alimwambia asubiri kidogo, amalize.

Akasubiri.